Mnatuhimiza mazoezi, nguo za kufanyia tuzipate wapi?

Wadau, leo sina hata salamu. Nimerudi sasa hivi kurudisha taiti ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Lebo imeandikwa XXL, nikaivuta mpaka mapajani ikagoma. Muuzaji akanipima kwa macho kuanzia juu hadi chini, akaniambia, "Dada, piga mazoezi kidogo tu, itakuingia."

Mazoezi hayo nifanye nimejifunga shuka?

Na siyo kwamba nilikuwa nimekaa. Nilikuwa natembea kwa kasi jioni, nusu saa, siku tano kwa wiki. Fanyeni hesabu, hizo ni dakika 150, kiwango cha chini kabisa ambacho Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afikie. Wamesema mtu mzima, hawakusema mtu mzima mwembamba. Kilichonifanya niache ni taiti ya zamani kupasuka katikati, nikajaribu kutembea na sketi. Wanene wenzangu mnajua kilichofuata: mapaja yalisuguana na jasho, yakachubuka, siku nne natembea kama nimeshuka kwenye farasi. Watu wakasema nimeshindwa, mvivu, sina nia. Nia ninayo, ngozi ndiyo sina!

Sidiria za mazoezi ndizo usiseme. Za kifua kidogo zimejaa rangi zote. Ya kwangu ikipatikana ni nyeusi au kijivu, mikanda membamba inayokata mabega, na ukiruka mara moja tu kila kitu kinakwenda upande wake. Kifua kisiposhikwa vizuri kinauma, ndiyo maana wengi tunakimbia mara moja na haturudi tena.

Halafu bei. Nikiuliza mbona yangu ni karibu mara mbili, jibu ni lilelile: kitambaa kingi. Sawa, mbona kiatu namba 37 na namba 44 mnauza bei moja? Ngozi ya kiatu haipimwi? Mbona S na L bei moja, ila ukivuka hapo ndipo kitambaa kinaanza kuwa dhahabu?

Bora basi hiyo bei ingeambatana na ushonaji wa maana. Wengi wanachofanya ni kukata sampuli kwa mwili mwembamba, kisha wanaipanua pande zote kwa kipimo kilekile. Mwili haunenepi hivyo jamani. Mimi nimeongezeka tumbo, nyonga na mikono, mabega yangu ni yaleyale. Matokeo yake fulana mabega yananing'inia, kwapa linabana, mbele inapanda kitovuni. Muulizeni fundi yeyote anayejua kazi yake.

Na hizo namba za saizi msiziamini sana. Marekani walipima wanawake karibu 15,000 mwaka 1939 na 1940, wakaja kutoa viwango vya saizi mwaka 1958, na kufika 1983 wakavifuta rasmi. Tangu hapo kila kampuni inajiandikia inavyotaka. XXL ya huyu ni L ya yule, halafu wewe ndiye unayeona aibu kwenye chumba cha kujaribia.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hii "pungua kwanza, ndipo upendeze". Daktari wangu amenieleza wazi kuwa mazoezi yanasaidia presha na sukari hata kama mzani haujasogea. Kwa hiyo nahitaji nguo ya mwili huu, wiki hii, siyo ya mwili wa mwakani. Na nikiipata isiwe hema. Siku nilipovaa seti iliyonikaa (ilikuwa moja tu, marehemu sasa), nilikuwa natoka nyumbani bila hata kujisukuma.

Mwenye fundi anayeshona taiti za kiuno kirefu, lastiki pana na kitambaa mara mbili kwenye mapaja, aniwekee hapa. Wale wa "acha kula" pitieni uzi mwingine, huku mmeshatoa ushauri wa kutosha.