Ushauri: nimepiga hesabu, wachumba wanaonifaa Mtwara hawajai bajaji

Mpwa_wa_Chikongola: Wakuu, nina miaka 31, kazi ninayo, naishi Mtwara mjini. Nimeunda modeli: wanawake wa rika ninalotaka, nikazidisha kwa sehemu ya wasioolewa, waliofika chuo, wa dini yangu, wasio na mtoto. Wamebaki wachache, bajaji haijai. Na sensa ya 2022 nchi nzima ilihesabu wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130! Nihamie Dar?

Korosho_Ghafi: Subiri minada ya korosho ianze. Hela ikiingia, modeli itaita hadi Tandahimba.

Bi_Mdogo_Ligula: Mimi nilisubiri mwenye vigezo mpaka shoga zangu wakapata wajukuu. Nikaolewa na fundi cherehani aliyekuja kunidai. Kigezo chake kimoja: yupo.

Takwimu_Kavu: Mkuu, kuzidisha hivyo kunataka vigezo visihusiane. Aliyesoma chuo mara nyingi huchelewa kuzaa, kwa hiyo hesabu yako imewapunguza kuliko hali halisi. Halafu wao nao wanachagua, hilo hujaliweka kabisa. Na ukiona walimu wanaoana wao kwa wao, usiseme ndicho wanachopenda; pengine kituo chao hakina mwingine. Ndoa zilizofungwa peke yake hazikutenganishii upendeleo na upatikanaji. Wanahisabati Gale na Shapley mwaka 1962 walionesha utaratibu wa kuoanisha watu ambao hauachi wawili wa ndoa tofauti wakitamani kutoroka pamoja, na ndani yake upande unaoposa ndio unaofaidi. Sasa, hilo la mtoto limetoka wapi?

Mpwa_wa_Chikongola: Ni kigezo tu.

Bi_Mdogo_Ligula: Mdogo wangu, sema.

Mpwa_wa_Chikongola: Kuna mtu Newala. Ana mtoto. Mjomba alishapeleka barua, ikajibiwa. Lakini sijaamua! Modeli haina upendeleo, dada.

Takwimu_Kavu: Ondoa hicho kigezo, urudie hesabu.

Mpwa_wa_Chikongola: Nikikiondoa kinabaki nini cha kumwambia mjomba?

Bi_Mdogo_Ligula: Kumbe hesabu yote ni ya kumkimbia mtoto wa watu. Mwambie mapema, asianze kununua vyombo.

Jicho_la_Mikindani: Hii chai. Mwezi wa tatu huyu huyu alilia humu kwamba mkewe wa Nachingwea kagoma kurudi shamba. Uzi upo.

Mpwa_wa_Chikongola: Ule wa kaka yangu, tunatumia akaunti moja.

Korosho_Ghafi: Chai ya mabibo. Moderata, unganisha nyuzi zote mbili. Wakulima, msimu huu mnategemea bei gani?