Kusomea uhifadhi wa mazingira chuo kikuu: nimjibu baba nini?

Kijana wa Matondoni

Assalamu alaykum. Nimemaliza kidato cha nne na alama zangu za Bayolojia na Jiografia ni nzuri. Ninataka kusomea uhifadhi wa mazingira ya vijijini, yaani misitu, mashamba na fukwe ambazo watu wanaishi humo na kuzitegemea, wala si mbuga za wanyama peke yake. Baba yangu ni mkata boriti za mikoko hapa Lamu. Babu aliona marufuku ya mwaka 1982 ya kuuza boriti ng'ambo, na baba mwenyewe akaiona ile ya 2018 ya kukata miti misituni, kwa hiyo anahofia kwamba nitarudi na shahada ya kuwakataza jamaa zangu riziki yao. Je, masomo haya yanafundisha nini hasa, na nichague chuo kwa kuangalia nini?

Mwalimu, Mokowe

Waalaykumu salaam, mwanangu. Hofu ya baba yako ina msingi, usiipuuze. Mwaka wa kwanza utakuwa na kemia, udongo na takwimu nyingi, na wengi huvunjika moyo hapo. Baadaye huja ikolojia, uchoraji wa ramani kwa kompyuta, na sheria, hasa ile ya misitu ya mwaka 2016, ambayo inawapa wanakijiji nafasi ya kuunda vyama na kushiriki katika kuutunza msitu wao.

Nikiwa mwaka wa tatu tulipelekwa na mradi mmoja kupanda mikoko. Tulichomeka mamia ya zile mbegu ndefu za mkoko kwenye uwanja wa juu, ambao maji huufikia wakati wa bamvua tu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na wavu begani alisimama, akatutazama, akatuambia kwamba hapo ni mahali pa mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni. Tulimshukuru kwa adabu, tukaendelea kupanda. Niliporudi baada ya miezi mitatu nikiwa na daftari langu, vijiti vyetu vilikuwa bado vimesimama katika mistari iliyonyooka, vyote vikavu, na katikati yake michu midogo ilikuwa imeota bila kupandwa na mtu. Vitabu vinalieleza jambo hilo waziwazi: mlilana hukaa mbele karibu na bahari, mkoko hufuata kandokando ya mikondo, kisha mkandaa, na mchu huvumilia ule uwanja wa juu wenye chumvi kali. Tulikuwa tumeyasoma hayo darasani, lakini hatukumsikiliza aliyeyajua kwa miguu yake. Nenda chuo ambacho wanafunzi wake hukaa nje majira mazima, tena uwaulize wanafunzi wenyewe, usitegemee vijitabu vya matangazo.

Msomaji wa Kilifi

Ndugu yangu, Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapa Kilifi, na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, hauko mbali. Mweleze mzee kuhusu mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993: wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi mpaka wajifunge ndani ya ganda na kuwa pupa, kisha pupa hao huuzwa ng'ambo kwa ajili ya maonyesho ya vipepeo, na fedha huwarudia. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko na kuuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huihifadhi, na mapato yake yamesaidia maji na shule. Kote huko waliosomea kazi hii walihitajika kupima, kuhesabu na kuandika.

Mama wa Hindi

Nakubaliana nao, ila ajira za serikali ni chache na hungojewa muda mrefu. Jifunze ramani na takwimu kwa bidii, kwa maana ndizo zinazotafutwa. Mambo ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, uyashughulikie mapema.

Kijana wa Matondoni

Ahsanteni sana. Nimemsomea baba maelezo ya mwalimu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mchu ukikatwa huchipuka tena, lakini mkoko mkubwa ukikatwa umekufa, na ndiyo maana yeye huchagua miti ya mazio na boriti, yaani ya unene wa kati, na kuiacha ile minene isimame imwage mbegu. Akaniuliza kama chuoni wanalijua hilo. Mwalimu, wanalijua?

Mwalimu, Mokowe

Wanalijua, mwanangu, na wamelipima. Mwambie baba yako kwamba akikubali, ningependa kufuatana nanyi bamvua lijalo.