Naomba ushauri: nawashawishije wenzangu wasome kitabu cha mchekeshaji?

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo yenu.

Zamu yangu ya kuchagua kitabu kwenye kikundi chetu cha kusoma imefika, nami nimependekeza Born a Crime (2016), kitabu cha mchekeshaji Trevor Noah wa Afrika Kusini kuhusu maisha yake mwenyewe. Wenzangu kadhaa wamegoma. Wanasema mchekeshaji atatupigia porojo tu, wao wanataka kitabu kizito.

Sasa kizito kipi zaidi ya hicho? Kazaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama Mwafrika mweusi wa kabila la Xhosa, baba Mzungu wa Uswisi, na sheria iliyofanya uhusiano wa namna hiyo kuwa jinai ilifutwa mwaka uliofuata. Barabarani, polisi wakitokea, mama alilazimika kumwachia mkono mwanawe kana kwamba si wake. Halafu kuna pale mama anapomsukuma nje ya basi dogo likiwa mwendoni ili kumwokoa: nilicheka mpaka machozi, kisha nikakumbuka dereva alikuwa amewatisha nini. Hajisafishi pia, hata utundu na wizi wake wa utotoni anausema.

Nimewatumia vipande vya maonyesho yake ya jukwaani. Ndiyo kwanza wakasema, "Si tulikwambia?"

Kwa mliokisoma: ni sura ipi ningewasomea kwa sauti wasiokitaka, hiyo ya basi au nyingine? Na je, tuanze na toleo la kusikiliza, maana anasoma mwenyewe na kuigiza lafudhi zote, au litawathibitishia kwamba ni vichekesho tu?

Natanguliza shukrani.