Nimepungua kilo 14 na kila mtu ananisifu, lakini siku zangu zimekoma. Naombeni ushauri

Mama Vitenge, Busia

Habari zenu wana jamvi. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nina miaka 33, watoto wawili, nauza vitenge hapa Busia upande wa Uganda. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa Iganga kwenye kwanjula ya wifi yangu, ile sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi. Picha zilipoletwa kwenye kundi la familia, shemeji mmoja akaandika chini ya yangu: "Huyu kala sherehe nzima peke yake." Watu wakacheka, na mimi nikaweka alama ya kucheka. Kisha nikaingia chumbani, nikaikuza ile picha kwa vidole, nikatazama mikono, kidevu, tumbo. Usingizi ulinijia saa nane usiku.

Januari nikajiunga na kundi la WhatsApp la kupunguza mwili. Masharti ni mlo mmoja kwa siku, kabla ya saa tisa mchana. Usiku unakunywa chai ya kukata tumbo. Kila Jumatatu alfajiri unatuma picha ya mzani na miguu yako juu yake, na asiyepungua jina lake linatajwa mbele ya wote. Lengo ni kilo 60, kwa kila mtu. Mimi nina urefu wa mita 1.64. Nilianza na kilo 86, wiki kumi baadaye nina 72.

Sokoni nasifiwa mpaka nachoka kuitikia. Mume wangu ananiita bibi harusi. Lakini hedhi sijaiona mwezi wa tatu huu. Nikisimama ghafla dukani macho yanaingia giza. Vidole ni vya baridi hata jua likiwaka. Wiki iliyopita msusi alinyamaza katikati ya kunichana, akaniletea chanuo nilione: nywele zilikuwa zimejaa, na nyingine kiganjani mwake.

Mama mkwe alikuja kututembelea, akanivuta pembeni jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima. Nikamwambia mimi mzima, nimekonda kwa kutaka. Akalia. Niliudhika sana, tangu siku ile sijampigia simu.

Kilichonileta hapa ni jambo la Jumamosi. Nilipika matoke na mchuzi wa karanga, nikawapakulia watoto, mimi nikakaa na kikombe changu cha maji moto. Binti yangu ana miaka 6. Alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akajifinya tumbo kwa vidole viwili, vile vile ninavyojifinya mimi mbele ya kioo, akasema, "Na mimi sitaki kunenepa, mama."

Je, niache? Nikiacha si zitarudi zote? Naomba wanaojua wanisaidie.

Kamanda256

Kilo 14 kwa wiki kumi! Dada usikate tamaa, umebakiza kidogo tu. Hiyo chai inaitwaje? Mke wangu anaitafuta.

Nesi wa Zamu, Tororo

Ndugu Kamanda, tafadhali soma tena alichoandika dada. Na mkeo usimpe.

Mama Vitenge, pole sana. Nimefanya kazi wodini miaka kumi na mbili, nitakwambia kama ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja.

Kesho asubuhi nenda kituo cha afya. Waanze na kipimo cha mimba, maana ndilo la kwanza kuulizwa hedhi ikikosekana, hata kama wewe una uhakika. Kisha wingi wa damu, presha, sukari, na wakusikilize moyo. Waambie habari za chai bila kuficha, wala usione haya.

Kama si mimba, basi mwili wako unafanya kile kinachofanywa na mama mwenye nyumba pesa ikiisha katikati ya mwezi. Anakata yale yanayoweza kusubiri. Kubeba mtoto kunaweza kusubiri, nywele zinaweza kusubiri, joto la vidole nalo linaweza kusubiri. Moyo na ubongo ndivyo vinavyolishwa kwanza. Hata wanariadha wa kike, wembamba tunaowasifu kwa mbio zao, wakikimbia sana bila kula vya kutosha hedhi hukatika, na mifupa huanza kudhoofika wangali vijana.

Sasa chai. Nyingi za aina hii zina sanamaki ndani. Bibi zetu waliijua vizuri, wakampa mtu aliyefunga choo, siku moja au mbili, basi. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko nguvu yake imeshanyonywa juu, kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo mafuta yako hayaguswi. Unachotoa kule chooni ni maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio. Mzani unashuka, unafurahi, ukinywa maji unapanda, unaongeza chai. Na baadhi ya bidhaa hizi za kukondesha zimewahi kukutwa na sibutramini bila kuandikwa kwenye pakiti, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Acha leo hii, usisubiri pakiti iishe.

Usinielewe vibaya, sisemi uzito si kitu. Wagonjwa wa presha na kisukari ninawaona kila zamu. Lakini mafuta yanayotuhangaisha zaidi ni yale yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo, na hayo mzani hauyaoni. Chukua kamba. Jipime kuanzia utosini hadi kisiginoni, ikate hapo, kisha ikunje mara mbili. Hiyo nusu izungushe tumboni usawa wa kitovu, bila kuvuta pumzi ndani. Ikikutana, vizuri. Isipokutana, tunazungumza taratibu, na wa kupungua apungue nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki huku anakula. Kutembea kwa miguu dakika 150 kwa wiki kunatosha kwa kuanzia, ndicho kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Kwenda sokoni na kurudi kunahesabika.

Mwalimu wa Hesabu, Mbale

Niongeze kidogo kwa upande wangu. Hiyo "kilo 60 kwa kila mtu" imenikera. Hata ile hesabu ya uzito kugawanya kwa urefu mara urefu, inayobandikwa kwenye kuta za kliniki, haikutungwa na daktari. Ilianzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtu wa hesabu na nyota, miaka ya 1830. Alikuwa anatafuta "mtu wa wastani" katika takwimu za watu wengi, na watu hao walikuwa wa Ulaya. Hakuwa anapima afya ya mama mmoja wa Busia. Inafaa kwa kuangalia kundi kubwa la watu, na daktari anaweza kuanzia hapo, lakini haijui nini ni msuli na nini ni mafuta. Wastani ni namba tu. Darasani kwangu wastani wa mtihani ukiwa 54, mara nyingi hakuna hata mtoto mmoja aliyepata 54.

Nalongo wa Masaka

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nimeolewa na askari, Kiswahili nimekipata kambini. Nimesoma habari ya mama mkwe wako nikaweka simu chini kwanza.

Ninyi vijana hamkuuona ule wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 80 watu walianza kuisha huku kwetu, Rakai, Kasensero kule ziwani. Mtu mnene, mfanyabiashara, ndani ya miezi nguo zinamvuka. Hatukujua ni nini. Tukauita silimu, kwa ajili ya kule kukonda, ndio huu UKIMWI, na mwaka 1985 madaktari walipouandika kwenye jarida lao waliuandika kwa jina letu hilo hilo. Watu wakazika na kunyamaza. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alipojitokeza mwaka 1989 akasema mimi ninao, nchi nzima ilishtuka, maana wenye jina walikuwa hawasemi.

Sisi tuliobaki, macho yetu yalifundishwa. Nikikuona mkono umekonda, bega limetokeza, tumbo langu linakaza kabla sijafikiri. Siku hizi dawa zipo, mtu anaishi na virusi miaka mingi akiwa na mwili wake mzuri, nalijua hilo. Lakini jicho halisahau. Huyo mama hakukutukana. Sijui alimzika nani, ila yupo. Mpigie.

Na kitu kingine. Huku kwetu unene ulikuwa ni heshima, na kwa Wanyankole binti alikuwa anawekwa ndani kabla ya ndoa ananyweshwa maziwa mpaka anenepe. Wengine walilazimishwa, wakalia. Sasa mabinti wanalia kwa kukonda. Aliyekuwa akibebeshwa kibuyu na wewe unayebebeshwa pakiti ya chai, naona ni mtoto mmoja.

Fundi Cherehani, Jinja

Mimi nashona gomesi, zile nguo za heshima za akina mama wa Uganda. Wateja wananiambia "nipunguze kwanza ndipo nije nipimwe." Nawaambia gomesi inakula karibu mita sita za kitambaa, inafungwa kwa mshipi, na ndani unavaa kikoyi ili nguo ikae nyongani vizuri. Ilivyotengenezwa inamfuata mwili, ukipungua unakaza, ukiongezeka unalegeza. Mama mmoja ameivaa ya kwake tangu harusini, amezaa watano, bado ni ile ile. Dada, ile ya kwanjula uliyonayo usiipeleke kupunguzwa.

Kijana wa Ntinda

Niseme kwa niaba ya wanaume maana hatusemi. Mimi nilikuwa nameza unga wa kujenga misuli na sindano nilizouziwa na mtu pale jimu, bila kujua ni za nini. Nilipata kifua, kila mtu "baba umekaza." Nilikuwa silali, hasira kila saa, na mambo ya ndani yalikufa. Daktari alinisimamisha. Sifa zilivyokuwa nyingi, ndivyo nilivyoogopa kusema naumwa. Kwa hiyo nakuelewa sana, dada.

Mama Vitenge, Busia

Asanteni wote, nimerudi baada ya siku tisa. Nimeyasoma yote, ya Nalongo mara tatu.

Nilikwenda. Mimba hakuna. Damu ni 9.4, na daktari wa kituo alisema mwanamke asiye na mimba haifai iwe chini ya 12. Presha imeshuka. Moyo wamesema upo sawa, ila nirudi baada ya wiki mbili. Nimepewa vidonge vya madini ya chuma na nimeambiwa nisivimeze na chai ya majani, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Chai ile nyingine nimeitupa chooni. Kwenye kundi nimetoka, wawili wakanifuata pembeni kuniambia nao hedhi zimekatika, nimewatumia uzi huu.

Kamba ya Nesi imebakiza vidole vitatu kukutana. Sijui niihesabu vipi, lakini sikulia.

Nililia kwa mzani. Siku ya nne nilipanda nikakuta 73 na nusu. Nesi, niambie ukweli, ndiyo zinarudi?

Mama mkwe nilimpigia. Nilimwomba radhi kwa kutompigia. Akanyamaza, kisha akataja majina mawili ambayo sijawahi kuyasikia nyumbani kwao. Ni dada zake. Mmoja alikuwa fundi nguo. Anakuja Jumapili na karanga.

Binti bado ananichunguza. Jana tulikula posho (ugali) na maharage, akahesabu vijiko vyangu kwa sauti mpaka kumi na moja, ndipo akavuta sahani yake.

Nesi wa Zamu, Tororo

Ni maji hayo, mama. Mwili uliokaushwa na sanamaki ukiachiwa hushika maji siku kadhaa, hata miguu inaweza kujaa kidogo. Ikizidi au ukipumua kwa shida usisubiri tarehe, nenda siku hiyo hiyo. Nywele zitaota tena, zipe miezi mitatu hadi sita. Asubuhi anza na uji wa mtama wenye maziwa kabla hujafungua duka. Hivyo vidole vitatu vya kamba tutavizungumza damu ikishapanda.

Mzani mpe jirani akutunzie.