Je, Asiyecheka Anapotaniwa Hana Ucheshi?

Hoja inayotetewa na wengi katika mjadala huu ni kwamba mtu mwenye ucheshi hutambulika kwa jambo moja: akitaniwa, hucheka. Asiyecheka, wanasema, hajui utani. Naipinga hoja hiyo, si kwa kuudharau utani, bali kwa sababu inamtwika anayetaniwa mzigo ambao kwa haki ungebebwa na anayetania.

Neno ucheshi tumelibebesha mambo ambayo si lazima yaende pamoja. Kuna kukitambua kichekesho, yaani kuona pale jambo linapogeuka kinyume cha lilivyotarajiwa. Kuna kukitunga na kukisema kwa wakati wake. Na kuna kustahimili kuwa wewe ndiye unayechekwa. Nimewafahamu watu wasioweza kusimulia kisa cha kuchekesha bila kukivuruga, lakini ambao huuona upuuzi wa jambo kabla ya mwingine yeyote, na tabasamu lao dogo hubeba ucheshi mwingi kuliko kicheko cha ukumbi mzima. Nimewafahamu pia wachekeshaji hodari wasiovumilia hata neno moja likiwagusa wao.

Wala kicheko chenyewe si kipimo. Mwanasaikolojia Robert Provine wa Marekani, aliyechunguza vicheko 1,200 vya watu waliokuwa wakizungumza katika mazingira ya kawaida, alikuta kwamba chini ya asilimia 20 vilifuata kitu kinachofanana na kichekesho. Vingi vilifuata maneno ya kila siku, na kwa jumla wasemaji walicheka kuliko wasikilizaji wao. Mara nyingi, basi, tunacheka ili kuonyesha kwamba tuko pamoja. Ikiwa ndivyo, anayekataa kucheka anapodhihakiwa huenda ameelewa vyema kabisa kilichosemwa, ila hataki kujiunga na wenzake katika kujitenga mwenyewe.

Nakumbuka kikao kimoja cha kazi ambapo mtu mmoja alimwigiza mwenzetu mwenye kigugumizi namna anavyozungumza. Tulicheka, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Mwenzetu alinyamaza, akakusanya karatasi zake, na yule aliyemwigiza akamwambia, "Usikasirike bwana, huu ni utani tu." Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliyepungukiwa siku ile alikuwa yeye. Leo nauona ukimya wake kuwa usikivu ambao sisi wengine tuliukosa, kwa maana katika maigizo yale hapakuwa na wazo lililogeuzwa wala siri iliyofichuliwa. Palikuwa na mtu mwenye ulimi mwepesi akifurahia kwamba kigugumizi kile si chake. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliandika mwaka 1651 kwamba kicheko ni fahari ya ghafla inayomjia mtu anapojilinganisha na kasoro ya mwenzake. Maelezo hayo hayatoshi kwa vicheko vyote, kwa kuwa hayasemi ni kwa nini tunachekea mchezo wa maneno usiomhusu mtu yeyote. Kwa kicheko chetu cha siku ile, nakiri kwa uchungu, yanatosha.

Tena, hata anayecheka anapotaniwa hajathibitisha lolote. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake walitofautisha mitindo minne ya ucheshi: wa kuwaunganisha watu, wa kujitia moyo wakati wa dhiki, wa kuwashambulia wengine, na wa kujidhalilisha ili mtu apate kukubalika. Huo wa mwisho ndio unaonisumbua. Mtu anaweza kuchekea kasoro yake mwenyewe mbele ya wenzake kila siku, akasifiwa kuwa mcheshi asiye na makuu, kumbe analipa kwa heshima yake ili asifukuzwe kundini.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito. Wanasema kwamba tukimlinda kila anayekwazika hakuna atakayethubutu kutania, na watakaonufaika ni wenye madaraka, kwa kuwa hao ndio wepesi wa kudai wametukanwa. Nakubali hatari hiyo ipo, na sitetei kumnyamazisha mtu yeyote. Lakini kiongozi anayechekwa kwa uamuzi wake anachekwa kwa jambo alilolitenda, analoweza kulibadili, na ana sauti ya kujibu, ilhali mwenye kigugumizi hakutenda lolote, na hata sauti ya kujibu ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikichekwa. Kuitambua tofauti hiyo papo hapo, kabla neno halijatoka mdomoni, kwangu ni sehemu ya ucheshi wenyewe, kama vile kujua ukimya mahali pake ni sehemu ya muziki. Asiyeiona anaweza kuwa na maneno mengi na wasikilizaji wengi, lakini siwezi kusema ana ucheshi kwa sababu tu watu wamecheka.

Ndugu zangu mnaotetea hoja ile, naomba mnijibu hili: kama mwenzetu angecheka pamoja nasi siku ile, angekuwa ameonyesha kuwa ana kitu gani hasa?