MJADALA: Mabendi yaliuokoa muziki wa jadi wa Ireland au yameufanya wote ufanane?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Najua mada hii itawasha moto ila naileta hivyo hivyo. Kila anaeuliza aanzie wapi kusikiliza muziki wa jadi wa Ireland anatajiwa mabendi tu, The Chieftains, Planxty, Bothy Band, na wengine wanamtuma moja kwa moja Riverdance, ile shoo ya dansi iliyozaliwa kwenye mapumziko ya Eurovision (mashindano ya nyimbo ya Ulaya) 1994. Mimi napinga. Msingi wa muziki huu ni mtu mmoja, chombo kimoja, na melodi fupi ya vipande viwili ambavyo kila kimoja kinarudiwa, basi. Utamu wote uko kwenye namna anavyorudia, vinoti vidogo anavyochomekea, upinde wa fidla anavyouvuta, na hayo mambo yalikuwa yanatofautiana eneo hadi eneo. Donegal kule kaskazini fidla zinakwenda kasi na upinde unakatwa karibu kila noti, mtafuteni John Doherty mtanielewa. Clare, upande wa magharibi, wanatulia zaidi. Halafu Sliabh Luachra, mpakani mwa Kerry na Cork, ni nchi ya polka (melodi za dansi za mdundo wa mbili mbili), huko ndiko alikuwa Pádraig O'Keeffe, zamani mwalimu wa shule, akawa anazunguka nyumba za watu kufundisha fidla miaka na miaka, amefariki 1963. Sasa ukiweka gitaa, bouzouki (chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu) na bodhrán (ngoma bapa kama dufu) vyote vinasukuma mdundo mmoja chini ya fidla, hiyo lafudhi ya mahali unaisikia wapi?

Mdau 1:
Mkuu hapa sikubali hata kidogo. Unataka turudi mwaka gani? Manake kama ni vyombo "vya asili" basi toa karibu vyote. Kodiani na konsetina (kama kodiani ndogo ya mkononi) ni vitu vya karne ya 19, bouzouki ni ya Wagiriki, aliyeiingiza Ireland ni Johnny Moynihan miaka ya 60, na banjo ndo usiseme kabisa, banjo imetoka kwa Waafrika waliopelekwa utumwani kule Amerika na Karibi, leo huwezi kukaa kwenye seshen Dublin bila kuisikia. Hata hiyo seshen yenyewe, watu kukaa mezani baa wanapiga pamoja, wengi wanadhani ni ya enzi za mababu kumbe imeshika kasi baada ya vita kuu ya pili, tena sana sana kwa vibarua wa Kiairishi waliokuwa London wanajenga nchi ya watu. Na hayo mabendi unayoyasema yalibeba watu gani? Bothy Band ya 1975 ilianza na Tommy Peoples, fidla ya Donegal hiyo hiyo unayoililia! Paddy Keenan wa uilleann pipes (zile zumari za mfuko zinazojazwa upepo kwa kiwiko, siyo kwa mdomo) katoka familia ya Travellers (jamii ya Kiairishi ya watu wa kuhamahama), wapigaji toka zamani. Mimi nisingemjua Peoples bila bendi. Nikamsikia bendini, nikaenda kumtafuta akiwa peke yake, sasa kosa la bendi liko wapi?

Mdau 2:
Wote mnabishania mabendi ya miaka ya 70 wakati kilichotokea kimetokea kabla. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, kaskazini-magharibi, kahamia New York, miaka ya 1920 akarekodi santuri, na zile santuri zikarudi Ireland kwa ndugu. Mtu yuko kijijini anapiga fidla ya baba yake, anasikia Coleman kwenye gramafoni, anaona ya kwake ni ya kishamba. Wengi waliacha vya kwao wakaiga Sligo. Ongezeni na sheria ya 1935 ya kumbi za dansi, serikali ikataka leseni kwa dansi za hadhara, mapadre wakashangilia, zile dansi za jikoni kwa watu zikapigwa vita, muziki ukahamia ukumbini, na ukumbini fidla moja haisikiki ndo mana zikastawi céilí band (bendi za kupigia dansi). Hapo O'Keeffe hata hajafariki.

Mleta mada:
Mdau 2 hoja yako nzito na naipokea, ila inanisaidia mimi. Santuri ya mtu mmoja hodari ilitosha kufunika vijiji kibao, sasa je, bendi zenye matangazo na matamasha dunia nzima? Na Mdau 1, sijasema chombo kigeni ni dhambi. Msikilizeni Martin Hayes wa Clare na marehemu Dennis Cahill wa Chicago. Cahill ana gitaa, lakini anaacha nafasi, noti moja hapa, nyingine pale, fidla inapumua, Clare yote unaisikia. Kinachoniuma ni kasi na kufanana. Hii siyo ya kwangu tu, Tony MacMahon, mpiga kodiani wa Clare, alisimama na msimamo huu hadharani miaka ya 90, na 1996 wakafanya mkutano mzima Dublin kubishana kuhusu jadi na mabadiliko. Alisemwa sana kwamba amepitwa na wakati. Mimi namuona alikuwa anatetea kitu kinachokufa.

Mdau 3:
Kaka zangu mmeongea vyombo mwanzo mwisho, waimbaji hamjawataja hata kwa bahati mbaya! Sean-nós, uimbaji wa Kigaeli bila ala yoyote, mtu anafumba macho anakwenda na maneno, mapambo anayaweka anavyojisikia. Joe Heaney wa Carna, Connemara, magharibi mwa Ireland, alikuwa na mamia ya nyimbo kichwani, maisha yake mengi kayamalizia ugenini akafariki Seattle 1984. Hapo hakuna bendi ya kulaumu. Kinachotishia sean-nós ni lugha yenyewe kupungukiwa wasemaji wa kila siku, lugha ikiondoka wimbo unabaki ganda. Halafu msiwadharau vijana, Lankum wa Dublin wamechukua nyimbo za zamani wakazifanya nzito na polepole, mngurumo chini mwanzo mwisho, huwezi kuwafananisha na yeyote wa miaka ya 70.

Mdau 1:
Dada umenena. Na hao Lankum ni bendi, naomba iandikwe.

Mleta mada:
Iandikwe, sina shida. Lankum wanajua walikotoa nyimbo na wanataja waliowatangulia, ndicho ninachodai kwa wote. Dada, la lugha nakuunga mkono asilimia mia, lifungulie mada yake maana ni kubwa kuliko hii. Ila kwa mgeni msimamo wangu ni ule ule, kabla hujafika kwenye bendi yoyote anza na santuri ya 1969 ya Denis Murphy na dada yake Julia Clifford, wanafunzi wa O'Keeffe, fidla mbili za ndugu wa damu. Sikiliza wanavyopiga polka, halafu nenda kwa Doherty siku hiyo hiyo. Ukishazitofautisha hizo mbili, bendi yoyote utakayopewa utajua nani ndani yake katoka wapi. Mdau 1, wewe ungempa nini mgeni, taja rekodi moja tu?