Picha za iPhone, Tecno na iPod ya zamani zimegoma kufunguka kwenye kompyuta, naombeni msaada

MwalimuWaLuanda (Vihiga)

Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Luanda. Mwalimu mkuu wetu anastaafu muhula huu ukiisha, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumkusanyia kitabu cha picha. Aliikuta shule ikiwa na madarasa ya udongo na anaiacha na ya mawe, kwa hivyo nataka kazi hii iwe ya heshima kwake. Duka litakalochapisha liko Kisumu mjini, nao wanataka picha zote kwenye flashi kufikia Alhamisi.

Picha ziko kwenye vifaa vitatu na kila kimoja kina shida yake.

Cha kwanza ni iPhone ya naibu. Nimeichomeka kwenye laptopu ya shule, Windows 10, nikanakili folda nzima. Majina ya faili nayaona, lakini mahali pa picha pana alama nyeupe tu, na nikibofya naambiwa faili haifunguki. Halafu kwenye simu picha ni nyingi kuliko zilizofika kwenye laptopu.

Cha pili ni Tecno ya mwalimu wa Gredi ya Sita. Inachaji, basi. Kompyuta hata haitoi sauti.

Cha tatu ndicho kinachoninyima usingizi: iPod ya zamani, ile ya kuzungusha kidole kwenye gurudumu. Ilikuwa ya mwalimu wetu wa muziki ambaye amehamishwa, akatuachia kwa sababu ina picha zote za kwaya ya shule. Kwenye kioo chake kidogo picha ziko na zinapendeza. Kwenye kompyuta naona folda ya Photos, lakini ndani hakuna picha hata moja.

Kijana mmoja wa saiba hapa mjini ameniambia faili zote zimeharibika. Ni kweli?

FundiKondele (Kisumu)

Mwalimu, kwa hayo uliyoeleza sioni dalili ya faili iliyoharibika. Picha inayofunguka vizuri kwenye kifaa chake na kukataa kwenye kompyuta, mara nyingi ni kompyuta isiyojua kuisoma.

Kabla ya yote, tafadhali: iPod hiyo isichomekwe tena mpaka mtu anayeijua akujibu. Windows ikikuuliza kama unataka ku-format (yaani kufuta vyote vilivyomo), jibu ni hapana. iTunes, ile programu ya Apple ya kuhamishia vitu kwenye iPod, ikikuuliza kama ifute vilivyomo ili ijiunge na kompyuta mpya, jibu ni hapana. Nimeletewa iPod dukani baada ya mtu kubonyeza ndiyo. Wakati huo huwa hakuna cha kumwambia.

Sasa nipe majina ya faili za iPhone. Zinaishia na herufi gani?

MwalimuWaLuanda

Asante fundi. Nimeitoa iPod. Za iPhone ni kama IMG_3127.HEIC. Chache zinaishia JPG na hizo zinafunguka.

FundiKondele

Ndiyo hiyo. Tangu iOS 11 (mfumo wa iPhone) ilipotoka mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC badala ya JPEG, kwa sababu picha ileile huchukua karibu nusu ya nafasi. Windows 10 haiji na uwezo wa kuusoma muundo huo. Na usijisumbue kubadilisha jina la faili kutoka HEIC kuwa JPG. Jina litabadilika, yaliyomo yatabaki yaleyale.

Fanya hivi. Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Photos (kwenye iOS 18 utapitia Apps kwanza). Shuka hadi chini kabisa, utaona "Transfer to Mac or PC". Chagua "Automatic". Chomeka tena simu ikiwa haijafungwa, kubali "Trust" ikikuuliza kama unaiamini kompyuta hii, uweke nambari ya siri. Hapo simu yenyewe itageuza picha kuwa JPEG inapozituma.

Na umwambie naibu aingie Settings, Camera, Formats, achague "Most Compatible". Hilo ni kwa picha atakazopiga kuanzia leo, halibadilishi za nyuma.

NyarKano (Ahero)

Naomba nitofautiane kidogo na fundi. "Automatic" ni nzuri kwa picha chache. Ukichukua folda nzima kwa mpigo, mara nyingi kazi inakatika katikati na Windows inaandika "A device attached to the system is not functioning". Watu wakiona hivyo wanadhani waya umekufa au simu imekufa. Sivyo. Simu inageuza na kutuma kwa wakati mmoja, inachelewa kujibu, kompyuta inakata tamaa.

Mimi huweka "Keep Originals", nanakili zote kama zilivyo, halafu nageuzia kwenye kompyuta. Programu ya GIMP ni ya bure, inafungua HEIC na kukutolea JPEG. Microsoft Store nako kuna kiongezeo cha HEIF (jamii ya huo muundo wa HEIC) cha bure, lakini ili picha za iPhone zifunguke hudai pia kile cha HEVC, ambacho huuzwa kwa ada ndogo ya dola, na si kila mtu ana kadi ya kulipia mtandaoni.

Halafu zile picha zilizopungua, mwambie naibu aangalie Settings, jina lake pale juu, iCloud, Photos. Kama kumewekwa alama kwenye "Optimize iPhone Storage", picha nyingi halisi ziko iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni, na simu imebaki na nakala ndogo za kuangalia tu. Kompyuta haitaziona kupitia waya. Aingie icloud.com kwenye kompyuta, azipakue huko. Tafuta Wi-Fi nzuri, bando la simu litaisha kabla hamjafika mbali.

FundiKondele

Uko sahihi dada, kwa folda nzima "Keep Originals" ni salama zaidi. Mwalimu, fuata la NyarKano.

OmwanaWaButere (Kakamega)

Mwalimu, kwani kwa nini usimwambie naibu akutumie zote kwa WhatsApp? Zitafika kama JPEG na mambo yameisha.

NyarKano

Ndugu yangu, kwa kitabu cha kuchapishwa hapana. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na huondoa taarifa zake za ndani, pamoja na tarehe iliyopigwa. Mwalimu anapanga historia ya mtu mwaka baada ya mwaka, atajuaje ipi ilitangulia? Kama hakuna njia nyingine, atume kama hati, si kama picha. Hapo faili hufika kama ilivyo.

BodaNaData (Bungoma)

Wacha mimi nishike Tecno. Mwalimu, umesema kompyuta haitoi sauti kabisa. Huo waya ni wa kuchaji tu. Waya kamili wa USB huwa na nyaya nne ndani kwa uchache, mbili za umeme na mbili za data. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini stendi na sokoni hazina zile mbili za data. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Jaribu waya uliokuja na simu ndani ya boksi, au azima unaojua umewahi kuhamisha faili.

Ukishapata waya, kazi haijaisha. Simu za Android zikichomekwa huanza kwa kuchaji tu, kwa usalama. Fungua skrini, vuta chini pale juu pa arifa, bonyeza ile inayosema simu inachajiwa kwa USB, uchague "File transfer". Usipofungua skrini utaona jina la simu kwenye kompyuta lakini ndani ni patupu.

Picha za kamera ziko DCIM, kisha Camera. Za WhatsApp siku hizi zimefichwa mbali: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Images. Na kama kuna picha ya jana inayoonekana kwenye simu lakini haiko kwenye kompyuta, zima simu uiwashe, uchomeke tena. Orodha inayopewa kompyuta wakati mwingine huwa ya zamani.

KipusaWaLanet (Nakuru)

Samahani mwalimu kwa kuingilia uzi wako, lakini yangu inafanana. Picha za kadi ya memori zinafunguka nusu, nusu ya chini ni kijivu. Kadi inasema ina GB 128 na niliinunua kwa bei nzuri sana.

FundiKondele

Dada, acha kuitumia kadi hiyo sasa hivi. Usipige picha nyingine, usifute kitu. Nakili kila kinachonakilika kwenda kompyuta, kisha upitishe kadi kwenye PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha picha zilizopotea, na uhifadhi itakachopata kwenye kompyuta, si kwenye kadi yenyewe. Baada ya hapo ipime kwa H2testw. Kuna kadi bandia zinazojitangaza kubwa kuliko zilivyo. Nafasi halisi ikijaa, picha zinazofuata huandikwa mahali pasipokuwepo, na hizo hazirudi. Fungua uzi wako nikusaidie zaidi, hapa tumwachie mwalimu nafasi.

MpigapichaMstaafu (Kisumu)

Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya iPod. Nilizitumia miaka mingi kuwaonyesha wateja kazi zangu.

Jambo la kwanza kuelewa: iPod ya gurudumu haipigi picha yenyewe. Kila picha iliyomo ilitoka kwenye kompyuta ya huyo mwalimu wa muziki kupitia iTunes. iTunes ilipozipeleka, ilizipunguza zitoshe kile kioo na televisheni, ikazishona nyingi pamoja ndani ya faili kubwa zinazoishia .ithmb. Ndiyo maana hukuona picha. Unaweza kuichomeka sasa, ila iTunes isiwe wazi. Ingia Photos, kisha Thumbs, utakuta majina kama F1019_1.ithmb. Nakili folda nzima ya Photos kwenye laptopu ndipo ufanye kingine chochote, na kazi zote zifanyike juu ya nakala hiyo.

Kisha angalia kama ndani ya Photos kuna folda inayoitwa Full Resolution. Ikiwepo, una bahati kubwa, kwa maana mwenyewe aliweka alama iTunes ibebe na picha kamili, na humo utazikuta kama faili za kawaida zilizopangwa kwa tarehe. Isipokuwepo, kuna programu ya Keith's iPod Photo Reader inayozitoa kwenye zile .ithmb, lakini zitatoka ndogo.

Kwa hivyo mpigie mwalimu wa muziki simu leo. Muulize ile kompyuta iko wapi. Hata kama haiwaki, diski yake ikiwa nzima inaweza kutolewa ikatiwa kwenye kasha la USB na kusomwa kama flashi. Picha halisi ziko huko, na ni hizo ninazotamani mzee apewe.

MwalimuWaLuanda

Jamani nawashukuru sana. Nieleze nilipofika.

iPhone imekubali. "Keep Originals", zimeingia zote bila kukatika, na GIMP inazifungua. Naibu kweli alikuwa na alama kwenye "Optimize", kwa hivyo leo jioni tunakwenda kwa jamaa yake Maseno mwenye Wi-Fi, tupakue zilizobaki. Tecno nayo ilikuwa waya. Nilipoazima mwingine kompyuta ikalia mara moja, nikachagua "File transfer", nikapata mpaka picha ya siku paa la darasa la kwanza la mawe lilipowekwa, mwalimu mkuu akiwa juu ya ngazi na tai yake imetupwa begani.

iPod: hakuna Full Resolution. Kuna Thumbs peke yake. Programu imetoa picha na kubwa kabisa ni 720 kwa 480. Mwalimu wa muziki nimempata. Kompyuta iliharibika, lakini diski aliitoa, iko kwa kaka yake Mbale. Kaka huyo hayupo nyumbani hadi Jumamosi, na duka la Kisumu linataka flashi Alhamisi. Nifanyeje na picha za kwaya? Nikizikuza zitatosha ukurasa?

MpigapichaMstaafu

Usizikuze. Uchapishaji mzuri ni nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho unadai 2480 kwa 3508. Picha yako ya 720 kwa 480 inatosha upana wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 4 hivi. Ukiinyoosha ijaze ukurasa, nyuso za watoto zitakuwa ukungu.

Nenda dukani au uwapigie, uwaulize kama wanaweza kupokea kurasa za kwaya Jumatatu wakati wanaendelea na kurasa nyingine. Kazi ya kitabu ina kupanga kwanza kabla ya kuchapa, kwa hivyo wengi hukubali ukiwaeleza mapema na kuwatajia idadi ya kurasa. Wakikataa, panga picha za kwaya sita au nane kwa ukurasa, kila moja sentimita 6 kwa 4, na majina ya watoto chini. Zitatoka safi kwa ukubwa huo.

FundiKondele

Na diski ya Mbale ikipatikana, mwalimu, usiruhusu mtu aijaribu kwenye kila kompyuta njiani. Ije moja kwa moja kwenye kasha la USB. Kasha ninalo, nitakuazima, utanirudishia ukishamaliza kunakili. Nitumie ujumbe wa faragha tupange.

MwalimuWaLuanda

Nimewapigia. Wamekubali kurasa nne za kwaya zifike Jumatatu saa nne asubuhi. Fundi, nakutumia ujumbe sasa hivi.